Titaniamu Haipashi Vidole

Siku mliyoniaga mlisema mengi mazuri, na mengine nilidhani mnamsema mtu aliyeketi nyuma yangu. Mmoja wenu alisimama akatangaza kwamba mzee Sanga ana mikono ya dhahabu. Sikupinga, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki, na pia kwa sababu mlikuwa bado hamjanikabidhi blanketi. Sasa blanketi ninalo, ni zito, na hata baridi ya Njombe inaliheshimu. Kwa hiyo naweza kusema ukweli.

Mliniomba niwaandikie habari za kusaga na kumalizia titaniamu, maana nyinyi mmeikuta kazi hiyo ikiwa na taratibu zake, na mmoja wenu aliniuliza nani alizitunga. Nyingi zilitungwa kwa sababu yangu. Yaani, mimi nilikosea, kisha ukawekwa utaratibu ili mtu mwingine asikosee vile vile. Mkitaka kuuita huo mchango kwa taaluma, sina kinyongo.

Mnajua sisi Wakinga tunavyosifiwa kwa biashara. Baba alinitoa Makete akanipeleka Makambako kwa mjomba wangu, aliyekuwa na duka la vyombo karibu na stendi, nijifunze kuuza. Mjomba alinivumilia kadiri alivyoweza. Mteja akiuliza kama sufuria ni imara, mimi nilikuwa namwonyesha mahali itakapotobokea. Zile zenye mikwaruzo nilijifungia nazo stoo nikazisugua mpaka zing'ae, huku dukani watu wanaita bila kujibiwa. Mwishowe mjomba akamwambia baba kwamba mtoto ana akili, ila si ya duka. Yeye ndiye aliyesikia kwamba kliniki moja ya meno mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, inatafuta kijana wa kuchanganya plasta ya kutengenezea modeli za meno. Jina la kliniki siandiki. Nyinyi mnalijua, na wengine wakilijua wanaweza kuacha kuja.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, na mwenye karakana alikuwa Sista Imakulata, Mpangwa wa Ludewa, mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa na desturi ya kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini akiwa kazini. Hakuwa mtu wa kufoka. Ukikosea aliacha kuimba tu, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. Siku yangu ya kwanza alinipa bakuli, mwiko na plasta, akaniambia nichanganye haraka kisha nimimine. Mimi nilielewa nichanganye vizuri. Nilichanganya vizuri sana, mpaka plasta ikaganda ndani ya bakuli na mwiko ukasimama humo wenyewe. Sista aliacha kuimba. Alikuja akautikisa ule mwiko, bakuli lote likanyanyuka nao.

"Sanga," alisema, "umetengeneza nini?"

"Sijui, Sista."

"Hata mimi sijui. Kiweke mlangoni, kiuzuie usipigwe na upepo."

Kilizuia mlango ule miaka mingi.

Baadaye nilipelekwa chuo, nikarudi na cheti, na Sista akaniweka kwenye meza ya kusaga. Siku hizo viunzi vya meno bandia tulivitengeneza kwa metali tuliyoiita kromu. Mtu akipoteza meno kadhaa, unamtengenezea kiunzi chembamba kinachokaa kwenye kaakaa, kina kulabu za kushika meno yaliyobaki, kisha meno ya bandia yanapandwa juu yake. Kiunzi kikitoka kwenye kalibu ni kitu cha kutisha, kina miiba, vinundu na mashina. Kazi yangu ilikuwa kukisaga kwa mawe madogo yanayozunguka mpaka ulimi wa mwenyewe usikilalamikie.

Kuna jambo la Njombe hapa, na asiyewahi kufanya kazi Njombe mwezi wa saba hatalielewa. Kromu ikisagwa inapata moto, na moto huo unatembea mpaka kwenye vidole vilivyoishika. Sisi tulikuwa tunakuja kazini asubuhi vidole vimekufa ganzi, na dawa ilikuwa kushika kromu na kuanza kusaga. Baada ya muda mfupi vidole vinarudi duniani. Ikizidi kuwa moto huwezi kuishika, unaichovya kwenye maji, unaendelea. Kwa hiyo kidole kilikuwa jiko na kipimajoto kwa pamoja. Hakuna aliyenifundisha hivyo chuoni. Ni mazoea yetu, na wahenga walisema mazoea yana taabu, ila nadhani wao hawakuwa na baridi.

Kisha ikaja titaniamu. Daktari wetu aliileta kwa ajili ya watu wachache ambao miili yao inaikataa kromu. Mashine ya kuisubu, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, hatukuwa nayo. Titaniamu ikiyeyuka haitaki kuguswa na hewa hata kidogo, inataka gesi yake maalumu, na mashine hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Sista alikuwa anachonga umbo la kiunzi kwa nta juu ya modeli ya kinywa cha mgonjwa, tunalifunga kwenye boksi lenye pamba, linaenda Dar kwa basi. Likipita joto la Morogoro, Sista alikuwa analisalia nta isiyeyuke. Kule wanasubu, kisha kiunzi kinarudi kwetu kikiwa kichafu, tukisage na kukimalizia.

Kiunzi cha kwanza nilitumwa mimi kukifuata Makambako, basi likipita hapo kwenda Mbeya. Konda alinipa boksi. Nikalipima mkononi, likawa jepesi kama halina kitu. Mimi niliyekuwa nimezoea uzito wa kromu nikajua nimeibiwa. Nikamshika konda shati.

"Ndugu yangu, boksi hili ni tupu! Mzigo uko wapi?"

"Mzee, mzigo ndio huo."

"Huu si mzigo, hii ni hewa!"

Watu wa stendi hawahitaji kualikwa mara mbili. Wakakusanyika, wauza mahindi, wapiga debe, na jirani mmoja wa duka la mjomba aliyenitambua. Nikalifungua boksi mbele yao kwa ushahidi. Kiunzi kilikuwa humo, kimelala kwenye pamba kama yai. Titaniamu ni nyepesi mno, kumbe, na mimi nilifundishwa hilo darasani na nikalijibu kwenye mtihani. Yule jirani aliniuliza kama ndiyo kazi niliyoiachia duka, nami nikalifunga boksi nikatafuta gari la Njombe.

Sista alinipa masharti ya titaniamu kabla sijaigusa. Mawe yake yakae kwenye boksi lake, yasigusane na ya kromu, maana jiwe lililosaga kromu linaichafua. Uso wake wa juu una ganda gumu lililotokana na kalibu, sisi tukaliita ukoko, na ni lazima lote litoke. Ukisaga usikandamize, pitisha jiwe kama unampangusa mtoto vumbi usoni, na usikae mahali pamoja. Jiwe likijaa, lisafishe. Na la mwisho, ambalo liliniumiza kuliko yote: vumbi lake linaweza kushika moto, kwa hiyo jiko la mkaa la kuotea moto litoke karakanani. Lilitoka siku hiyo hiyo, na mimi nikalisindikiza kwa macho.

Sasa niwaambie habari za Mzee Elikana, mkulima wa viazi wa kijiji cha Yakobi na mpiga tarumbeta wa kanisa lao. Alianguka na bodaboda, akapoteza meno ya mbele ya juu. Kliniki nyingine ilimtengenezea meno bandia ya kromu, kaakaa lote likawa jekundu, likafanya vidonda. Akayatoa. Alikuja kwetu na mkewe, Mama Neema, na mkewe ndiye aliyezungumza, kwa sababu mzee alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja na hakukitoa.

"Kamwene, fundi," alinisalimu Mama Neema.

"Kamwene, mama. Karibuni sana."

"Huyu baba tangu aanguke hasemi. Hapo nyumbani anajibu kwa kichwa. Kanisani amehamia benchi la mwisho, tarumbeta ameifunga kwenye kitenge changu akaisukuma uvunguni. Mimi kitenge nimemwachia, lakini naogopa. Watoto wameshaolewa, tumebaki wawili, na mmoja ndiye huyo ameondoka akiwa amekaa."

Mzee aliondoa kiganja kidogo tu, akasema kwa sauti ambayo ilinibidi niiinamie: "Tutajaribu hii titaniamu yenu. Ikishindikana, mama, usinipeleke tena popote."

Niliwaza nyumba yao yenye watu wawili na sauti moja. Niliumia, na nikajiapiza kwamba kiunzi hiki kitakuwa kazi yangu bora kuliko zote. Mjue kwamba kila nilipojiapiza hivyo, kuna kitu kiliharibika.

Sista alichonga nta, boksi likaenda Dar, likarudi, na safari hii konda nilimsalimia kwa heshima. Lakini ujumbe nao ulikuja: mashine imepata hitilafu baada ya kiunzi hicho, inasubiri kifaa kutoka nje, hawajui kitafika lini. Kwa maneno mengine, kiunzi ni hicho kimoja.

Asubuhi niliyoanza kukisaga, sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani na ukungu umekaa mlangoni kama mdai. Karakana haina jiko. Nilishika kiunzi, nikaanza nyuma ya pale yatakapokaa meno ya mbele, mahali muhimu kuliko pote, maana tarumbeta ikikandamiza midomo, meno yanasukumwa nyuma na ni hapo pa kuyahimili. Cheche za titaniamu ni nyeupe, nzuri sana kuziangalia. Nikaziangalia. Vidole vilikuwa vya baridi. Nikaendelea, vidole bado vya baridi. Nikaona kazi haijaanza sawasawa, nikaongeza mkono kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limefunikwa kofia ya sufu juu yake.

Nyuma yangu Sista aliacha kuimba.

"Sanga."

"Naam, Sista."

"Unasubiri nini hapo mahali pamoja?"

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa njia: "Nasubiri ipate moto, Sista."

Alikuja akakichukua kiunzi, akakigeuza kwenye mwanga. Pale nilipokuwa nimekandamiza palikuwa na doa, pembeni la njano, ndani zambarau, katikati bluu kama shingo ya njiwa. Ilikuwa rangi nzuri.

"Imepata moto," alisema.

"Lakini vidole..."

"Vidole! Kromu ni karimu, ukiipa moto inaugawa mpaka kwenye vidole. Titaniamu ni bahili. Kila inachopata inakaa nacho pale pale ilipopewa." Akanitazama juu ya miwani. "Kama watu wa kwenu tu."

Utani huo siku nyingine ningeujibu, Wapangwa nao wana yao. Siku ile sikuweza. Nilikuwa namwona Mzee Elikana na kiganja chake mdomoni. Palipoungua hivyo hapaachwi, panakuwa pagumu tena pepesi kuvunjika, na yule mzee angepavunja kwa pumzi ya wimbo wa kwanza. Ni lazima pasagwe mpaka ifikiwe titaniamu nzima. Na pakisagwa sana, panabaki utando. Na kiunzi kingine hakuna. Nilimwambia Sista, na sioni haya kuandika, kwamba aniondoe kwenye meza hiyo, nirudi kwenye plasta, au hata kwenye sufuria za mjomba.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Na koleo lenyewe halijavunjika. Lete kipimo."

Nilileta kile kipimo cha unene chenye mikono miwili. Akabana pale kwenye doa, akasoma, akanipa na mimi nisome. Nilisoma nikadhani kipimo kimeharibika. Palikuwa panene kuliko inavyotakiwa, panene kabisa, karibu kwa kosa moja zima.

"Uliongeza nta hapa," nilisema.

"Niliongeza."

"Kwa ajili ya tarumbeta?"

"Tarumbeta inahitaji kidogo tu. Nyingine niliongeza kwa ajili yako." Akafungua boksi la mawe, akachagua moja jipya. "Nafanya kazi na wewe miaka yote hii, Sanga. Naujua mkono wako ukiona baridi."

Nilicheka na nusura nilie, vyote kwa pamoja, na sikumbuki kipi kilitangulia. Mtu aliyekujua kiasi hicho na bado akakupa kazi, huna namna ya kumlipa.

Akaniketisha tena mimi mwenyewe kwenye meza. Nilidhani angemalizia yeye, hakutaka. Kwa kuwa kidole changu kilikuwa kimethibitika kuwa shahidi wa uongo, alinipa kipimajoto kingine: niimbe. Mstari mmoja wa wimbo, jiwe linagusa na linatembea. Mstari ukiisha, nanyanyua jiwe, nasubiri mstari mwingine upite, ndipo naligusisha tena. Nikamwambia sijui kuimba. Akasema titaniamu haina masikio. Basi tukaimba, yeye kwa sauti yake ya chini, mimi kwa ile mnayoijua, na daktari akatoka kwenye chumba chake kuuliza kama kuna msiba. Nyinyi mliokuwa mkinicheka kwamba mzee akisaga anavuma kama nyuki, na mmoja wenu aliyedhani ni ucha Mungu, sababu ndiyo hiyo.

Doa likatoka. Kwanza bluu, kisha zambarau, kisha njano, mpaka metali ikawa ya kijivu, safi, na kipimo kikasema pamebaki unene wa kutosha. Nikamalizia sehemu nyingine kwa utaratibu ule ule, nikahamia kwenye mpira wa kulainisha, kisha brashi na dawa ya kung'arisha. Kilipong'aa nilinyoosha mkono kwenda kukiosha, Sista akaukamata. Titaniamu ikishang'arishwa inaachwa kwanza ikae hewani, ijivike ngozi yake yenyewe, ndipo ioshwe. Aliniambia nitoke nje nikaote jua wakati inapumua. Jua lenyewe halikuwepo, lakini nilitoka.

Meno yakapandwa, na siku ya kujaribu ikafika. Mzee Elikana alikuja na Mama Neema, na mama alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge. Daktari akaweka meno, akaangalia, akamwambia mzee aume, afunge, aseme. Mzee akasema, "Yakobi." Kisha akasema, "Viazi." Kisha akamgeukia mkewe akasema, "Mama Neema," na kiganja kilikuwa kwenye goti. Kaakaa halikumuuma siku ile, na aliporudi baada ya wiki kadhaa daktari hakuona wekundu wowote.

Lakini siku ile ile alitaka kupiga. Tulitoka uani wote, Sista, daktari, mimi, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wameshika mashavu. Mzee akafungua kitenge, akaipangusa tarumbeta kwa mkono wa koti, akaiweka mdomoni. Kwanza ilitoka hewa tupu. Mara ya pili hewa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Sista, nikikihesabu kiunzi kichwani mahali kwa mahali. Mara ya tatu ikatoka sauti, na akaanza wimbo.

Mwanzo ulikwenda. Ulipofika mahali pa kupanda, sauti ilipasuka, ikateleza, ikatoa mlio ambao ulimfanya mbwa wa jirani asimame. Akarudia. Ikapasuka pale pale. Nikajua basi. Nimepasaga mno, kiunzi kinanepa, meno yanasukumwa nyuma, mdomo unakosa pa kuegemea. Nilimtazama Mama Neema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikamwendea.

"Mama, nisamehe. Tutayarekebisha. Nipe siku chache tu, nitayarekebisha."

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwa nini nazungumza.

"Urekebishe nini, fundi? Usiguse kitu." Akajifuta kwa ule ukingo wa kitenge. "Hapo pa kupanda hajawahi kupapata tangu tukiwa wachumba. Kanisa zima linajua. Ndiye yeye kabisa huyo. Amerudi."

Uani, Mzee Elikana alivuta pumzi, akainua tarumbeta, akapaendea tena pale pa kupanda kwa moyo wake wote, na akapakosa.